Bi Dakika Akabidhi Ufunguo wa Kabati Jekundu

Siku ya Ijumaa, tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, Wodi ya Tatu itampoteza mtu wake. Siyo kwa ugonjwa. Wodi ile haipotezi watu kirahisi, na sababu mojawapo ni yeye mwenyewe. Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, kiongozi wa wauguzi wa wodi hiyo ataibandua saa aliyoibana kifuani, ataitia mfukoni na kushuka ngazi akiwa raia wa kawaida. Jina lake limo katika faili la utumishi, limeandikwa vizuri, lakini hakuna anayelitumia. Kuanzia mkurugenzi hadi wapiga deki, wote tunamwita Bi Dakika.

Alifika hapa na cheti kipya, viatu vyeupe vilivyombana, na mwendo wa mtu anayefukuzwa na mvua. Sisi wachache tuliobaki wa siku hizo tunakumbuka kwamba hakuna aliyekuwa na haraka kama yeye. Alitandika vitanda sita wakati wenzake wangali wanatafuta shuka. Alichoma sindano mgonjwa akiwa bado anajiandaa kuogopa. Alisifiwa sana, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Maji yenyewe yalimwagika katika mwaka wake wa tatu. Alipewa dawa ya kumwekea mwalimu mmoja mzee kwenye mshipa. Dawa ile ilitakiwa kusukumwa kidogokidogo kwa dakika tano. Yeye aliisukuma kwa muda wa chafya mbili. Mwalimu alilowa jasho, macho yakapanda, na mapigo yake yakawa ya kutafutwa kama shanga iliyodondoka kwenye nyasi. Ilichukua watu wanne na nusu saa nzima kumrudisha. Alipofumbua macho hakulalamika wala hakumtaja mkurugenzi. Aliuliza tu, kwa sauti ileile ya darasani, “Mwanangu, ulikuwa unakimbilia wapi?”

Siku hiyohiyo Bi Dakika aliandika taarifa ya kosa lake kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kuombwa, jambo ambalo enzi hizo lilikuwa geni kama mgonjwa kuomba aongezewe uji wa hospitali. Kisha akatafuta dawa ya haraka yake.

Kutazama saa peke yake hakukumsaidia. Muuguzi anayetazama saa huku anasukuma dawa huonekana kama mtu asiye na kazi. Ndugu wa mgonjwa atamuuliza choo kiko wapi, daktari atamwita, simu italia, na dakika tano zitageuka mbili. Bi Dakika akagundua kwamba watu hawaoni haya kumkatiza mtu anayefanya kazi, ila huona haya kumkatiza mtu anayesimulia. Basi akatunga hadithi, na kila hadithi akaipima kwa saa yake ya kifuani kama fundi anavyopima mlango.

Hadithi ya fundi cherehani aliyeshona suruali yenye miguu mitatu ilikuwa ya dakika mbili. Ya jirani aliyemshtaki jogoo ilikuwa ya dakika tatu. Ya mama mkwe aliyekuja kutembea na kitanda chake mwenyewe ilikuwa ya dakika tano, na ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Alianza kusimulia tone la kwanza linapoingia, mkono mmoja kwenye bomba la sindano, macho yakihama kutoka kwenye saa hadi kwenye uso wa mgonjwa, kisha pale sindano ilipoingilia, kuona kama pamevimba. Mama mkwe aliposema “Nimekuja kwa siku mbili tu,” bomba lilikuwa tupu. Hakuwahi kupitiliza wala kupunguza.

Faida ya pili hakuitegemea. Wagonjwa walizijua hadithi, na wakawa walinzi. Muuguzi mmoja mwenye miadi yake ya jioni alijaribu siku moja kuisukuma dawa ya dakika tano mbiombio, akisimulia hadithi kwa kurukaruka vipande. Dereva mmoja wa lori aliyelazwa kitanda cha kwanza alimshika mkono. “Sista, simama hapo hapo. Mama mkwe hata kitanda hajakishusha garini, wewe dawa umeshaifikisha nusu? Rudi mlangoni uanze kubisha hodi.” Wodi nzima ikampigia makofi, na muuguzi akarudi mlangoni.

Ndiyo maana wengine walikuwa wakimwogopa. Daktari mmoja, tuliyemwita Upesi na ambaye leo ni bingwa anayeheshimika mahali pengine, aliwahi kumletea bomba lililojazwa dawa bila karatasi ya jina. Alikuwa ameijaza mwenyewe, akaibeba mwenyewe mkononi, na alikuwa na uhakika nayo. Bi Dakika aliipokea kwa heshima zote, akaisukumia yote kwenye sinki mbele ya macho yake. “Samahani daktari, sindano isiyo na lebo haina wazazi. Siwezi kuipeleka kwa watu.” Upesi alisema ile ilikuwa dawa, akajibiwa, “Hata maji ya betri ni dawa, ila ya gari.” Daktari alikwenda kulalamika kwa matroni, matroni akamsikiliza mpaka mwisho, akampa kalamu na karatasi ya lebo.

Kanuni yake nyingine ilizaliwa na adabu. Miaka mingi iliyopita alilazwa mzee mmoja mpole kupindukia, ambaye aliamini kwamba kumkatalia muuguzi ni utovu wa heshima. Ukimwuliza, “Wewe ndiye fulani?” alijibu ndiyo. Siku moja Bi Dakika, kwa ule ukorofi wake, alimwuliza kwa majina matatu tofauti, la mwisho likiwa la mwanamke wa kitanda cha jirani. Mzee akaitikia ndiyo mara tatu, ya tatu akiomba radhi kwa kuchelewa kuitika. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria ya Wodi ya Tatu: mgonjwa haulizwi swali linaloweza kujibiwa kwa ndiyo. Anaulizwa, “Jina lako kamili nani? Umezaliwa lini?” Kisha mnyamaze, mumsubiri. Na majibu yalinganishwe na cheti cha dawa, lebo, na utepe wa mkononi, hata kama mgonjwa ni mama yako mzazi.

Sasa tuje kwenye kabati. Wodi ya Tatu ina kabati dogo jekundu lenye dawa ambazo, zikikosewa, hazikupi nafasi ya kuomba radhi. Dawa hizo hutolewa na wauguzi wawili, wa pili akiwa shahidi: aone kichupa, asome lebo, apige hesabu yake mwenyewe bila kuchungulia ya mwenzake, ndipo atie saini. Ufunguo wa kabati hilo Bi Dakika ameubeba kwa miaka kumi na tisa, umefungwa kwa uzi wa kijani. Sisi wa dirisha la dawa tumeuona uzi ukibadilishwa mara saba.

Mwaka jana, matroni alipomkumbusha kwamba tarehe ya kustaafu inakuja na ufunguo utahitaji mwenyewe mpya, alitoa sharti lililozunguka jengo zima kabla ya chai. “Huu simpi mtu wa ndiyo-ndiyo. Nitampa atakayenikatalia usoni.” Matroni akacheka. “Dada, humu ndani nani wa kukukatalia? Mimi mwenyewe bosi wako nakuogopa.” Bi Dakika hakucheka. Alijua wodi inamheshimu, na alianza kuona kwamba heshima ile ndiyo ugonjwa wenyewe. Alichokuwa akikihofia kilikuwa kimoja: kuondoka na kuacha kabati lenye saini mbili na jicho moja. Na kosa la aina hiyo halimngojei mtu amalize mafunzo. Humpata mgonjwa, kitandani pake, akiwa hana habari.

Akaanza kuwatega. Asubuhi moja alipita na karatasi iliyokunjwa, sehemu ya juu imefichwa, akamwambia kila muuguzi kwa uso mkavu, “Tia saini hapa mwanangu, shahidi wa dawa, nina haraka.” Yeye, na haraka! Hilo peke yake lingetosha kuwashtua. Wauguzi kumi na mmoja walitia saini, wengine wakishukuru kwa kuaminiwa. Jioni karatasi ilikunjuliwa na kubandikwa kwenye chumba cha chai. Juu iliandikwa: “Sisi tuliotia saini hapa chini tunathibitisha kwamba tumemwona kwa macho yetu tembo amelala kitanda cha tatu, na hali yake inaendelea vizuri.”

Saini ya tatu katika orodha hiyo ilikuwa ya muuguzi tunayemwita Kimya, mama wa watoto wawili, asiyeongea isipokuwa pana ulazima. Wenzake walicheka, wakatania, wakasahau. Kimya hakucheka. Inasemekana aliisoma karatasi ile mara mbili, akaenda kitanda cha tatu, akakitazama kwa muda.

Miezi ikapita, mitego ikaendelea, na kila mtu akaendelea kusema ndiyo. Ikafika Mei ufunguo ukiwa bado kwenye uzi wake. Ndipo Bi Dakika akaugua.

Yalikuwa maambukizi ya figo, yenye homa na maumivu, na alilazwa katika wodi yake mwenyewe, kitanda cha tisa. Mganga hajigangi, lakini huyu hakutaka hata kugangwa. Aliwaongoza wauguzi kwa kidole akiwa amelala chali, na ufunguo wa kabati aliwaazima kutoka chini ya mto wake. Aliukata utepe wa mkononi siku ya pili, akisema unamwasha na kwamba hakuna panya humu ndani asiyemjua. Lau mgonjwa mwingine angethubutu hivyo, angesimuliwa hadithi ya nusu saa.

Sasa, kitanda cha sita alikuwapo mama mmoja mwenye ugonjwa wa moyo, ambaye alikuwa somo wake. Jina lao lilikuwa moja, na jina la baba pia lilikuwa moja. Walitofautiana jina la babu tu. Walikuwa wakiitana “somo” kutoka kitanda hadi kitanda na kutaniana nani kamwibia mwenzake.

Siku ya nne, muda wa kutazama wagonjwa, alikuja wifi yake, dada wa mume, na mfuko wa machungwa. Huyu wifi ni muhimu katika habari hii kwa sababu ya siri moja. Tangu siku alipoolewa, Bi Dakika alikuwa amemwaminisha kwamba yeye ndiye mdogo kwa umri. Alimwita dada kwa miaka ishirini na tisa. Hata kustaafu kwake alimwambia kwamba anaondoka mapema, kwa hiari, kabla uzuri haujaisha.

Wifi akiwa anamenya chungwa, Kimya akaja na sinia ndogo yenye bomba la dawa. Bi Dakika alikuwa akiisubiri dawa yake ya saa hiyo. Mgongo ulikuwa ukimchoma. Akanyoosha mkono, akasoma jina lake kwenye lebo kwa mbali. “Ni yangu hiyo. Weka haraka, nina mgeni.”

Kimya akauliza, “Jina lako kamili nani?”

Wagonjwa wa jirani waliacha kutafuna. “Kimya! Mimi ndiye niliyekuonyesha mshipa unafananaje, leo unaniuliza jina?”

“Ndiyo, mama. Jina lako kamili nani?”

Akataja mawili, kwa hasira. Kimya akaomba na la babu. Akaambiwa babu amelala, asisumbuliwe. Kimya akautafuta utepe mkononi, hakuuona. “Umezaliwa lini?” Bi Dakika akataja tarehe na mwezi. “Mwaka?”

Wifi aliinua macho kutoka kwenye chungwa. Bi Dakika alishusha sauti na kusema mwaka umo kwenye faili, asome mwenyewe. Kimya naye akashusha sauti, lakini vitanda vinne vilimsikia. “Nikisoma mimi, mama, wewe utasema ndiyo. Na ndiyo umetukataza kuipokea.”

Baadaye watu wengi walidhani huu ulikuwa mtego wa mwisho. Mwenyewe amekiri haukuwa. Alikuwa na homa, alikuwa na maumivu, alikuwa na aibu ya kibinadamu mbele ya wifi, na alitaka kabisa dawa iingie. Akavaa sauti ambayo imewahi kuwarudisha madaktari nyuma hatua tatu. “Mimi bado ni kiongozi wako mpaka tarehe thelathini Juni. Nakuamuru, weka dawa.”

“Siweki,” akasema Kimya.

Aliyekuwa karibu anasema Kimya aliishika sinia kwa mikono miwili, na miguu haikusogea. Wakatazamana. Mwisho Bi Dakika akafumba macho, akautaja mwaka, kama mtu anayetapika.

Wifi akaweka chungwa chini. Akahesabu kwa vidole, akafika cha nne, akaanza tena kuhakikisha. “Wewe! Kumbe umenipita miaka minne! Mimi ndiye mdogo!” Kisha, akili ilipokamilisha safari yake, akapiga kofi la furaha kwenye paja. “Masikini wifi yangu! Basi sherehe zote hizo, harusi zote hizo, umeoshea watu vyombo bure, kwa kuwa eti wewe ndiye mdogo!”

Wodi ililipuka. Kuna mshono uliofumuka kidogo kitanda cha nne, na ukaandikiwa sababu zake. Aliyebaki bila kucheka ni mmoja. Kimya alikuwa ameinama juu ya lebo. Mwaka alioutaja Bi Dakika na mwaka ulioandikwa pale ilipishana kwa miaka kumi na mmoja.

“Mama,” akasema, “hii si yako. Ni ya somo wako.”

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa. Bi Dakika alilichukua bomba, akaisoma lebo, akatazama kitanda cha sita. Ilikuwa dawa ya kupunguza kasi ya moyo. Iliandaliwa sawasawa, kwa kipimo sawasawa na mashahidi wawili, ila lebo ilikuwa na majina mawili na mwaka wa kuzaliwa tu, na mtu aliyeiweka kwenye toroli alimkumbuka mwenye jina lile anayejulikana zaidi. Bi Dakika aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, akatazama saa aliyokuwa ameibana kwenye gauni la mgonjwa. Alihesabu dakika kamili. Mapigo hamsini na mawili. Moyo wake ulikuwa tayari unatembea polepole. Ile dawa ingeuambia usimame upumzike.

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa ufunguo wenye uzi wa kijani, akauweka kwenye sinia, mahali bomba lilipokuwa. Kisha akaomba taarifa ya tukio iandikwe palepale, na kama ilivyo desturi yake, sentensi ya kwanza akaitamka mwenyewe: “Mgonjwa alikuwa mbishi.”

Tangu wiki hiyo kila lebo ya Wodi ya Tatu ina jina la babu na tarehe ya kuzaliwa iliyokamilika, na utepe wa mkononi haukatwi hata ukimwasha mkurugenzi. Somo wa kitanda cha sita alipata dawa yake siku hiyohiyo, akarudi nyumbani mzima. Watu wawili walilala salama kwa sababu mmoja alikubali kuonekana mkosefu wa adabu.

Mengine aliyoyafanya yamo katika kumbukumbu za hospitali: wauguzi themanini na sita aliowafundisha, mabango ya kunawa mikono aliyoyachora mwenyewe (ule mkono una vidole sita, tumemwachia), na miaka yake kumi na minne ya mwisho bila dawa hata moja ya kabati jekundu kumfikia asiyestahili. Sisi tuliowahi kuondoka mahali tulipopapenda tunajua kwamba anayeondoka hapewi nafasi ya kurudi kuchungulia kama taa imezimwa. Yeye hahitaji. Amemwachia taa mtu anayejua kusema siweki.

Jambo moja limebaki. Siku ile, ilipoletwa dawa yake halisi, nayo ilikuwa ya dakika tano. Kimya aliuliza upya jina, babu na mwaka, wifi akiitikia kwa sauti kama kibwagizo. Kisha, mtu yule asiyeongea, akaanza kusimulia huku anasukuma. Ilikuwa hadithi mpya, juu ya bi harusi aliyeficha umri wake akaishia kuosha masufuria ya ukoo mzima. Bi Dakika alisikiliza macho yakiwa kwenye saa, akitafuta kosa. Bi harusi alipokausha sufuria la mwisho, bomba lilikuwa tupu, na mshale ulikuwa umemaliza mzunguko wa tano. Hadithi ya mama mkwe sasa ina mshindani, na wagonjwa hupiga kura.

Bi Dakika, ahsante kwa kila dakika uliyokataa kuifupisha. Ahsante pia kwa kutubandikia tembo ukutani. Bado yuko kitanda cha tatu na hali yake inaendelea vizuri. Ulituomba tusichapishe humu mwaka wako wa kuzaliwa, na tumetii. Anayeutaka amwulize wifi yako, ambaye ameahidi kuwapo kwenye hafla ya kukuaga, amekaa mbele, na amekwisha kusema vyombo vya siku hiyo ataviosha yeye.

Nenda salama. Tunakuombea maisha mema huko uendako, marefu, yaingie tone kwa tone, na asitokee mtu wa kuyasukuma.